Swali la Mama Leo

Kila asubuhi, kabla fundi hajamaliza kufagia unga wa shaba chini ya mashine yake ya kuchongea funguo, Mama Leo alikuwa keshafika. Mvua inyeshe, jua liwake, magoti yamsumbue au yamhurumie, utamwona anakata kona ya duka la vitambaa, mkoba kwapani, miwani kwenye ncha ya pua, anatembea kwa hatua ndogo za mtu ambaye hakimbizwi na yeyote. Akifika husimama kizingitini. Haingii. Anangoja salamu yake kwanza, maana alikuwa mwalimu maisha yake yote, na mwalimu haanzi kumwamkia aliyekuwa mwanafunzi wake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, baba. Leo vipi?"

"Leo nipo."

"Haya. Kazi njema."

Basi, imekwisha. Anageuka na kwenda zake, na fundi anarudi kwenye ufagio. Wapita njia wasiojua lolote walidhani bibi huyu ana mazoea yake tu ya uzeeni, wakampachika jina la Mama Leo, nalo likamganda mpaka hata wajukuu wa jirani wakawa hawajui kama ana jina lingine.

Lakini swali lenyewe lilikuwa na asili yake. Zamani, fundi akiwa bado mtoto wa kaptura, mchungaji wa kanisa lao dogo alisoma lile onyo katika Maandiko linalowataka waumini wajihadhari, asije mmoja wao akafuga moyo usioamini na kumpa kisogo Mungu aliye hai. Wapo wachungaji ambao wakifika hapo hupandisha sauti na kupiga meza mpaka glasi ya maji inaruka. Huyu alikuwa mtu mpole, mwenye mafua yasiyopona. Aliendelea mpaka mstari unaofuata, ule unaowaagiza wakumbushane kila siku, maadamu siku ingali inaitwa leo. Akafuta pua, akavua miwani, akawauliza, "Sasa hapa kwetu, nani anamkumbusha nani?" Watu wakatazamana. Hapo hapo akawapanga wawili wawili, kama watoto wanaovushwa barabara.

Tangu siku hiyo kila mtu wa kanisa lile ana mwenzi wake wa leo. Utaratibu ni mwepesi, hata asiyejua kusoma anaushika. Mmoja anauliza, mwingine anajibu nipo au sipo, kisha aliyejibu naye anamgeuzia mwenzake swali lile lile. Nipo, maana yake bado nimeshika imani. Sipo, maana yake nateleza, njoo unishike mkono.

Ni utaratibu mzuri sana, ila umekabidhiwa binadamu. Wengine waliulizana kwa simu huku wanakaanga mayai. Wengine walingoja Jumapili, wakaulizana leo za wiki nzima kwa mkupuo mmoja mlangoni. Mume na mke fulani waliopangwa pamoja waliulizana hata wakiwa wamenuniana, na jibu likamtoka mtu kama anatema mbegu ya chungwa. Watu walikufa, watu walihama, jozi zikapangwa upya. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kusikika akijibu sipo. Neno hilo lilikuwepo tu, kama ndoo ya mchanga wa kuzimia moto inayoning'inia ukutani, ambayo watu wameizoea mpaka wanatundikia kofia.

Fundi alipangwa na Mama Leo baada ya mwenzi wake wa kwanza kuhamia mbali. Aliona ni heshima kubwa, maana huyu ndiye aliyemfundisha darasa la ubatizo. Ndiye aliyekuwa akitunza ufunguo wa kanisa, akifungua mlango kila Jumapili kabla ndege hawajaamka vizuri. Ukiuliza mtaani nani ana imani, kidole kitaelekea kwake kabla hujafunga mdomo.

Hapo ndipo palipo na siri ya fundi, na tuiseme waziwazi tusizunguke. Fundi alikuwa anadanganya. Hakuwepo. Hakuwepo kwa muda mrefu tu.

Hakuna kilichotokea, na hilo ndilo lililomshangaza mwenyewe. Hakufiwa akamlaumu Mungu, hakusoma kitabu kikamgeuza kichwa, hakugombana na mtu. Zamani aliomba kila asubuhi kabla ya kuwasha mashine. Baadaye akafupisha, maana wateja walikuwa wanangoja. Halafu ikawa anavua kofia tu, anaivaa tena. Mwishowe akasahau hata kofia. Siku moja meza yake ilikuwa inayumba, akakunja kalenda ya kanisa na kuisokomeza chini ya mguu wa meza, na meza ikatulia vizuri kabisa. Alipoitazama kalenda pale chini alitegemea moyo umchome. Haukumchoma. Ndipo alipojua.

Zaidi ya hapo maisha yake yalikuwa mazuri, na hakuwa mtu wa kujitesa. Alipenda kazi yake, alipenda sauti ya tupa juu ya shaba, alipenda kumwona mtu aliyejifungia nje akitabasamu kitasa kinapoitika. Jumapili alikwenda kanisani na mke wake, akaimba, akasinzia kidogo, akarudi kula. Mke wake, fundi cherehani mwenye ulimi mwepesi, alimtania, "Wewe kanisani unalala kama mtoto aliyeshiba. Siku ukiamka, utamkuta mchungaji mwingine." Fundi alicheka. Kilichomkera ni dakika ile moja tu ya asubuhi, ya kumtazama Mama Leo machoni na kusema nipo. Kwa hiyo aliisema upesi, mtu aondoke, kazi iendelee.

Na swali la kurudisha je? Hakuwahi kulirudisha, hata siku moja. Mwanzoni aliona aibu. Utamuulizaje mwalimu wako kama bado anaamini? Ni kama kumuuliza mpishi kama anajua maji huchemka. Baadaye, alipoanza kudanganya, aliona afadhali mazungumzo yawe mafupi. Mama Leo naye hakumkumbusha. Alisimama kidogo baada ya lile jibu, akakaza mkoba kwapani, kisha akasema haya, kazi njema.

Sasa siku moja mzee wa kanisa akaingia dukani kwa fundi, anahema, ufunguo mkononi. Huyu ni mtu wa mbiombio. Hata kiti anakikalia nusu ili asichelewe kuinuka.

"Fundi, ufunguo wako umenikana. Unaingia, haugeuki. Jumapili iliyopita nimehangaika pale mlangoni mpaka waimbaji wakaanza kuimbia nje."

Fundi aliuchukua, akauweka kwenye mwanga, akapitisha kidole cha gumba juu ya meno yake. "Huu niliuchonga kutoka ufunguo gani?"

"Ule wa kiongozi wa kwaya."

"Wa kiongozi wa kwaya si ndio ule uliovunjikia kitasani nikaja kuutoa? Na huo niliuchonga kutoka upi?"

"Kutoka wa mzee aliyenitangulia, Mungu amrehemu."

Fundi akaliona kosa, na kosa lilikuwa lake. Kila mchonga funguo anajua kwamba nakala haichongwi kutoka kwa nakala. Mashine hukosea kidogo, unywele tu, na unywele huo haumzuii mtu kufungua. Lakini ukichonga kutoka kwa ufunguo uliokosea, unapata kosa la zamani na kosa jipya juu yake. Nakala ya tatu, ya nne, bado zinafanana kwa macho, zinang'aa hata kuliko ule wa kwanza, ila mlango hauzitambui. Fundi alilijua hilo tangu akiwa anajifunza kazi. Kila walipomletea nakala alijua, na kila mara akasema, si neno, watu wa kanisa hawana makuu.

"Niletee ule wa kwanza," akasema. "Ule uliokuja na kitasa."

"Anao Mwalimu. Siku hizi mimi ndiye nafungua, yeye magoti yanamchelewesha. Sikutaka kumsumbua."

"Nitamwomba mwenyewe. Si tunaonana kila siku?"

Kesho yake asubuhi, baada ya nipo yake ya haraka, fundi akamweleza habari za ufunguo. Mama Leo alisikiliza, akaitikia kwa kichwa, akasema ataleta. Siku iliyofuata akaleta. Kwa mara ya kwanza akavuka kizingiti, akafungua mkoba, akauweka ufunguo juu ya meza ya kazi, karibu na jiriwa ya kubania vyuma. Ulikuwa umechakaa kwa kushikwa, mgongo wake laini kama kokoto ya mtoni.

"Chonga nyingi upendavyo," akasema. "Na huu ubaki nao wewe. Sina haja nao tena."

"Mwalimu, usiseme hivyo! Magoti tu hayo. Tutakutafutia dawa ya kuchua, utafungua mlango mpaka tuchoke sisi."

Mama Leo alitabasamu kwa adabu, kama mtu aliyepewa kiti asichokihitaji. "Leo vipi, baba?"

"Leo nipo."

"Haya." Akasimama kidogo, mkono juu ya meza, akiuangalia ufunguo. Kisha akaondoka, na siku hiyo hakusema kazi njema.

Jioni, mezani, fundi alimsimulia mke wake habari za ufunguo, kosa lake la nakala, na mzee wa kanisa aliyekalia nusu kiti. Mke akacheka mpaka akaweka kijiko chini. Alipofika pale Mama Leo aliposema hana haja na ufunguo tena, mke akaacha kucheka.

"Amesema hivyo? Mwenyewe?"

"Magoti, mke wangu. Uzee."

"Magoti hayamzuii kuja dukani kwako kila siku, na kanisa liko karibu na kwake kuliko duka. Wewe ulimjibu nini?"

"Nilimtania kidogo."

"Hukumuuliza?"

"Nimuulize nini?"

"Swali, mume wangu. Lile swali lenu. Yeye anakuuliza kila siku, wewe humuulizi?"

Fundi akanywa maji. Alijaribu kukumbuka hata asubuhi moja aliyomgeuzia yule mama swali, akatafuta na kutafuta, wapi. Moyo wake, uliokuwa umetulia tuli hata mbele ya ile kalenda, sasa ukampiga kama mtu anayegonga mlango kwa ngumi.

Mke wake alikuwa anamtazama tu. Akanyoosha mkono, akampangusa punje ya wali kidevuni. "Kesho muulize," akasema kwa sauti ndogo.

Kesho yake fundi alifagia duka mapema, akapanga tupa zake kwa urefu, akasimama mlangoni kabisa. Swali alikuwa nalo mdomoni, moto. Wakapita wanafunzi, akapita muuza magazeti, likafunguliwa duka la vitambaa. Mama Leo hakutokea. Jua likapanda mpaka likagusa mashine, na bado pale kwenye kona hapakuwa na mtu mwenye mkoba kwapani. Fundi hakungoja zaidi. Alishusha mlango wa duka na mteja mmoja bado ananyoosha mkono, akamwambia, "Samahani, ndugu yangu, nina mgonjwa," maana hakujua aliite nini jambo lenyewe.

Mama Leo aliishi katika chumba na ukumbi nyuma ya nyumba ya kufulia nguo. Fundi hakuwahi kufika ndani. Alibisha hodi, akakaribishwa, akamkuta ameketi kwenye kiti cha mbao karibu na dirisha, kanga mabegani, kikombe cha chai kimepoa mpaka kimefanya utando juu. Juu ya kabati palikuwa na vipande vya chaki katika bakuli la kioo, kama peremende. Ukutani palikuwa na saa, na chini ya saa msumari mtupu uliozoea kubeba ufunguo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umefunga duka?"

"Nimefunga. Mwalimu..." Fundi akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili. Mtu mzima, mwenye mvi, lakini alijiona amerudi darasani na hajafanya kazi aliyopewa. "Leo vipi?"

Mama Leo alimtazama juu ya miwani yake. Kule mbele, mashine za kufulia zikamaliza kuzunguka.

"Leo sipo, baba," akasema.

Fundi alitamani kukimbia, na haifai kumfichia aibu hiyo. Neno ambalo hakuna aliyewahi kulisema lilikuwa limesemwa mbele yake, na mwenye zamu ya kulipokea alikuwa yeye, asiye na kitu mkononi. Utaratibu unasema ukiambiwa sipo, umshike mwenzako. Namna ya kumshika haukusema. Akavuta kiti kingine, akaketi, si nusu, akaketi chote.

"Tangu lini?"

"Sijui hata lini. Ingekuwa najua ningekwambia. Nimefundisha maneno yale miaka na miaka, nikayajua kama njia ya kwenda kisimani. Siku moja nikasoma, nikaona nasoma barua ya mtu mwingine. Sikulia. Nilifunga kitabu, nikaosha vyombo. Nikasema kesho itarudi. Kesho ikafika, haikurudi." Alikuwa akiongea polepole, bila machozi, na hilo lilimuumiza fundi zaidi. "Nikaanza kuchelewa kanisani ili mwingine afungue. Kufungua mlango kwa ajili ya wenzangu nami ninabaki nje, niliona ni unafiki. Lakini si hilo linaloninyima usingizi."

"Ni lipi?"

"Lile onyo lingine. Unalikumbuka? La wale walioonja nuru, wakashiba mema, kisha wakaanguka. Kwamba kuwarudisha haiwezekani. Nimewasomea watoto wangapi onyo lile, nikiwakazia macho? Sasa naona nilikuwa najisomea mwenyewe."

Fundi hakuwa mhubiri. Angeambiwa apande mimbarini angejificha nyuma ya mke wake. Lakini alipolisikia onyo lile kwa sauti ile ile, likamrudisha kwenye benchi la nyuma, chumba cha darasa la ubatizo, vumbi la chaki, na mwalimu kijana, mkali, amesimama mbele yao.

"Mwalimu," akasema, "kibao cha hatari barabarani kinawekwa wapi? Kabla ya kona, au kule bondeni gari lilikoangukia?"

"Kabla ya kona, bila shaka."

"Kwa hiyo mtu anayekisoma na moyo ukamruka..."

"Bado yuko barabarani," akamalizia Mama Leo, kama mtu anayejibu swali la darasani kabla hajajizuia. Akakunja uso. "Maneno hayo umeyatoa wapi?"

"Kwako. Ulikuwa unatufundisha onyo hilo hilo, na mtoto mmoja akaanza kulia akidhani ameshaangamia kwa kuwa aliiba biskuti. Ukamwambia habari za kibao. Mimi nikacheka, ukanirushia chaki, ikanipata hapa." Akajigusa paji la uso.

Mama Leo akaweka mkono mdomoni. Mabega yakaanza kumtikisika, fundi akadhani sasa ndiyo analia, akainuka nusu. Kumbe anacheka. Alicheka kicheko cha ndani, cha mtu ambaye hakucheka siku nyingi na mbavu zimesahau kazi yake, mpaka machozi yakamtoka kweli, akayafuta kwa pindo la kanga.

"Yule mtoto wa biskuti," akasema, "ndiye huyu huyu mzee wa kanisa."

"Ndiye! Na bado ana haraka ya mwizi."

Wakacheka wote wawili sasa. Fundi akaona hapo ndipo pa kusema, asiposema hapo hatasema tena. Akakata shauri.

"Mwalimu, mimi nakudanganya. Kila asubuhi. Na mimi sipo, siku nyingi."

"Najua."

"Unajua?"

"Baba, aliyepo hasemi nipo kwa haraka vile. Nimesikia visingizio vya watoto maisha yangu yote."

"Sasa kama ulijua, ukaja kila siku ya nini?"

Mama Leo akaliangalia dirisha, akaangalia kikombe, akauondoa utando wa chai kwa kijiko. "Kwanza nilikuja kwa ajili yako. Kama hupo, nani atakuuliza? Halafu mimi nami nikapotea, nikaja kwa ajili yangu." Akakiweka kijiko chini. "Nilikuwa natumaini siku moja utaniuliza."

Fundi aliyasikia maneno hayo yakizama ndani yake, moja baada ya jingine. Asubuhi zote zile. Yule mama amesimama kizingitini baada ya jibu, anakaza mkoba kwapani, anangoja kidogo, na yeye fundi anawaza ufagio. Kumbe onyo halikumtaka ajichunge mwenyewe peke yake, na mlinzi aliyepewa bibi huyu ndiye aliyekuwa amelala. Alitaka kuomba radhi, lakini radhi ilikuwa kubwa kuliko mdomo. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo uliochakaa, akauweka kwenye meza ndogo mbele yake, halafu akaona haisaidii, akainuka na kuutundika kwenye msumari wake chini ya saa.

"Nimekwambia ubaki nao," Mama Leo akasema.

"Ubaki nao wewe. Nakala zitachelewa."

"Kwa nini zichelewe?"

"Mashine ina mambo yake," akasema fundi, na huo, kwa kumbukumbu, ulikuwa uongo wake wa mwisho kwa Mama Leo kwa muda mrefu uliofuata.

Maana nakala zilikuwa tayari. Alikuwa amezichonga tangu jana yake, kutoka ufunguo wa kwanza wenyewe, akazisugua, akazifunga kwenye waya. Jumamosi mzee wa kanisa alipokuja kuzidai, fundi akaziacha zilale mfukoni.

"Bado, mzee wangu."

"Bado? Kesho Jumapili! Watu watasimama nje!"

"Watasimama kidogo. Ufunguo anao Mwalimu. Atafungua."

"Na magoti yake?"

"Magoti niachie mimi."

Jumapili asubuhi fundi na mke wake walipita nyuma ya nyumba ya kufulia nguo. Mama Leo alikuwa amevaa, ameketi, mkoba mapajani, na ufunguo bado uko msumarini. Alikuwa hajakata shauri. Ilionekana wazi kwa namna alivyoshika mkoba. Mke wa fundi akamwamkia, akamsifu kwa kitambaa chake cha kichwa, akaushusha ufunguo kutoka ukutani na kumtilia mkononi bila kumuuliza, kama mtu anayemkabidhi mwenzake mwavuli wakati wa kutoka.

"Leo vipi, Mwalimu?" fundi akauliza.

"Sijui, baba. Kweli sijui."

"Basi sijui yako na sijui yangu zitembee pamoja. Watu wako nje, wanangoja."

Wakaenda, hatua ndogo ndogo, mke wa fundi upande mmoja, fundi upande mwingine. Watu walikuwa wamejaa uani mwa kanisa. Mzee wa kanisa alikuwa anazunguka huku anatazama saa. Walipomwona Mama Leo wakampisha njia, na mtu mmoja akasema kwa sauti, bila kujua anasema nini, "Afadhali! Tumekukosa mlangoni, Mwalimu." Mama Leo akasimama kidogo, kana kwamba ameitwa kwa jina ambalo hajalisikia kitambo.

Akaingiza ufunguo. Kitasa kikaitika mara moja, kwa ile sauti nzito na safi ambayo fundi angeitambua hata amefumba macho. Milango ikafunguka, waimbaji wakaingia, mzee wa kanisa akaingia mbio, watoto wakaingia wakisukumana. Mama Leo hakuingia. Alibaki amekishika kitasa, anapumua.

Fundi naye alibaki. Alipobadili mguu wa kusimamia, funguo zilizofungwa kwenye waya zikalia mfukoni mwake. Mama Leo akageuza kichwa taratibu.

"Mashine ina mambo yake, eh?"

"Ina mambo yake, Mwalimu."

Alimkazia macho, yale yale ya darasani, na fundi akajiandaa kwa chaki. Lakini uso wa yule mama ukalainika. Ndani, watu walikuwa wameanza kuimba, na mke wa fundi alikuwa amewawekea nafasi mbili kwenye benchi la nyuma na kuzishikilia kwa mkoba na Biblia.

"Hujaniambia wewe," Mama Leo akasema. "Leo vipi?"

Neno la kila siku lilimjia fundi ulimini, tayari, limeng'aa. Akalirudisha. Akatazama ndani, akatazama uani, akatazama miguu yake, mmoja ndani ya kizingiti na mwingine nje.

"Leo nipo mlangoni," akasema.

Mama Leo akauchomoa ufunguo, akautia kwenye mkoba, akaufunga mkoba vizuri.

"Hata mimi," akasema. "Nipe mkono basi, hiki kizingiti ni kirefu na magoti yangu ni ya kweli."

Fundi akampa mkono, wakavuka.